Misheni ya Nane

Siku ya mazishi yake kule kijijini Theta, mchungaji alisimama akasema marehemu hakuwahi kumdanganya mtu maishani mwake. Nilicheka. Sikukusudia, lakini nilicheka kwa sauti, mwanangu akiwa ameshika sketi yangu, na mama mmoja mwenye kitambaa cha kanisa akageuka akanitazama kana kwamba nimemtemea mate kwenye chai.

Wenye msiba wanisamehe. Mimi alinidanganya. Alinidanganya zaidi ya miaka miwili, kila nilipoingia kwake, Biblia yake ikiwa imelala juu ya televisheni. Alijua mama yangu amekufa. Alijua kabla ya mtu mwingine yeyote Ruiru. Na mimi, mtoto wa pekee wa huyo mama, nilikuwa naketi kando yake kwenye benchi nikimuuliza kama Jumapili hii simu italia.

Kwa hivyo haya si maneno ya mazishini. Mazishini sikupewa nafasi ya kusema, na ningepewa ningeharibu. Ninaandika mtu niliyemjua, pamoja na kile alichonifanyia. Na nilimpenda, hiyo ndiyo shida.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mtangazaji. Mke wake alimwita hivyo hadi alipofariki, na wazee wenzake wa kanisa walimwita hivyo wakipitisha sahani ya sadaka. Chumba chake cha gemu kilikuwa mtaa wa Gatongora, hapo Ruiru, nyuma ya duka la chakula cha kuku, na mlangoni alitundika gunia ili jua lisipige skrini. Vyumba vingine vya gemu vilikuwa vya mpira tu, vijana wamebanana wakipigiana kelele za mabao. Kwake kulikuwa na mashine moja, televisheni moja ya zamani yenye mgongo mnene, na gemu za zile filamu za vita vya angani ambazo kila mtu ameona hata kipande chake. Filamu zilikuwa nyingi, na kila filamu ilipotoka gemu yake iliifuata. Yeye alikuwa na gemu tatu. Tuliyoshindia sisi ilikuwa ya Kapteni.

Kapteni alikuwa mwanamke. Hilo peke yake lilinikalisha pale. Alikuwa na kofia ya chuma iliyopasuka upande mmoja na nywele zilizosukwa mistari, au mimi niliamua ni mistari. Kazi yake ilikuwa kuwatoa watu kwenye dunia iliyoungua na kuwapeleka mahali penye maji. Ukimaliza misheni moja unaingia nyingine, na katikati ya misheni gemu inageuka filamu kidogo, watu wanaongea Kiingereza cha haraka cha puani ambacho hakuna mtu Gatongora aliyekielewa.

Hapo ndipo Mtangazaji alipokuwa na kazi. Zamani alikuwa akitafsiri filamu kwenye vibanda vya vidio Thika, wale watu wa kushika maikrofoni na kufunika filamu nzima kwa Kiswahili chao wenyewe. Vibanda vilipokufa alihamia Ruiru na kuihamishia sauti yake kwenye gemu. Hakutumia maikrofoni tena. Alikunja tu gazeti likawa kama pembe.

"Huyo ni Kapteni!" angeanza. "Mtoto wa watu! Ametoka nyumbani bila chai! Mbele yake wamejipanga kanjo kumi na wawili, na kanjo wa angani hachukui hongo!"

Kanjo ni askari wa kaunti, wale wa kubeba mboga za watu na kuzitupa kwenye lori. Kwake, roboti wote wa adui walikuwa kanjo. Yule mfalme mwovu wa filamu alimfanya mwenye ploti, anayetaka wapangaji wahame dunia nzima ifikapo tarehe tano. Sisi sote tulikuwa wapangaji. Tulimchukia yule mfalme ipasavyo. Meli ikiishiwa nguvu kati ya nyota, angesema, "Tumekwama hapa Theta ya mbinguni, mafuta hakuna, na hata bodaboda imekataa kuingia!" Sayari kavu aliiita Ngoliba ya Juu, kwa ukame wa Ngoliba yetu. Mtu wa Ngoliba akiwemo chumbani angelalamika, naye angemwambia, "Usijali, huko juu mvua inanyesha mara mbili kwa mwaka. Mmewashinda nini?"

Baadaye nilikuja kujua kwamba Kiingereza chake kilikuwa kidogo kama cha kwangu. Maneno ya wale watu alikuwa akiyatunga. Ukimuuliza alijuaje wamesema hivyo, alijibu, "Angalia uso wake. Mtu mwenye uso huo atasema nini kingine?"

Na kucheza hakujua kabisa. Ninasema kabisa. Mtu aliyeijua ile gemu kama sala alikuwa akishika padi ya kuchezea, Kapteni anafia mlangoni, kabla hata ya kanjo wa kwanza. Vidole vyake vilikuwa vinene na alibonyeza kila kitu kwa pamoja. Tulimcheka mpaka machozi. Yeye angerudisha padi polepole, aifunike na kitaulo chake cha bluu, na kusema ule msemo wake mmoja ambao sisi wote tulikua nao: "Ukifa, pumua kwanza, ndipo ubonyeze."

Alikuwa na maana. Watoto wakifa kwenye gemu wanabonyeza upesi kwa hasira, wanarudi ndani wakiwa na hasira, wanakufa tena palepale. Yeye alikulazimisha kuvuta pumzi. Angeishika padi kwanza, akuangalie kifua kikipanda na kushuka, ndipo akupe.

Sheria zake zilikuwa chache. Ukitukana, unabeba mtungi hadi bombani na kuurudisha umejaa. Ukila mandazi, hushiki padi. Na udanganyifu hakutaka kuuona. Kuna namba fulani za siri ukizibonyeza, Kapteni hafi hata akipigwa na nini. Kijana mmoja, Kamaa, aliyekuwa akiosha magari pale barabarani, alizipata kwa binamu yake akaja nazo zimeandikwa kwenye kiganja. Mtangazaji alizima mashine kwenye ukuta.

"Osha mkono," akamwambia.

"Mzee, si ni gemu tu?"

"Nimesema osha mkono. Hapa watu wanakufa vizuri."

Kamaa akaenda akaosha. Yule yule aliyekuwa akinitesa kila siku. "Wewe Shiko, toka hapo, msichana akishika padi mashine inashika kutu." Nami nilimjibu kwamba kutu iko kwa meno yake. Mtangazaji angesema, "Bao safi. Kamaa, keti chini, umefungwa na mtoto wa darasa la tano." Kamaa aliketi, lakini chini chini aliendelea kuninong'onezea uchafu, na mimi nikaendelea kumpiga kiwiko. Mkumbukeni huyo Kamaa.

Kanisani Mtangazaji alikuwa mzee wa kanisa, lakini Jumapili mchana alifungua chumba. Mchungaji akamwita kumuuliza. Inasemekana alimjibu kwamba Mungu alipumzika siku ya saba, ila hakuna mahali pameandikwa kwamba alizima stima. Mtu wa kujibu mchungaji hivyo, ukidhani hana woga, unakosea. Alimwogopa dada ya mama yangu, niliyemwita Tata. Tata akipita njiani, yeye alishusha gazeti lake na kusimama wima kama mtoto wa shule. Ninaamini kama hangemwogopa Tata mambo yangekuwa mengine. Ninaamini pia kwamba hicho ni kisingizio.

Mama yangu alikuwa akipika chapati mbele ya chumba hicho, kwenye jiko la makaa, na ndivyo mimi nilivyolelewa na zile filamu: harufu ya mafuta nje, vita ndani. Nilipokuwa darasa la tano alipata kazi ya nyumba huko Uarabuni. Aliniacha kwa dada yake, Tata, na kwa kuwa simu ya Tata ilikuwa inazima kila mara, walipatana na Mtangazaji kwamba mama atapiga kwake. Jumapili, saa tisa, baada ya kanisa.

Saa tisa ikikaribia aliwatoa wote nje, hata aliyekuwa katikati ya misheni. "Tokeni, Kapteni anaongea na makao makuu." Simu ikilia alipokea yeye kwanza. "Mama Shiko! Rubani wako yuko hapa, amekataa kukua, ameongeza ujeuri tu." Nilimsikia mama akicheka ndani ya kile kisimu. Halafu ananipa, anatoka, anasimama nje na wale vijana, na hakuna aliyeruhusiwa kufunua gunia.

Mwaka huo huo ndipo Kapteni alipopata mtoto. Nieleweke vizuri. Kwenye gemu hakuna mtoto. Nimeangalia, hakuna. Mtangazaji ndiye aliyemweka. Siku moja katikati ya misheni ya tatu alisema, "Kapteni anakumbuka binti yake aliyemwacha, anasema nikimaliza hii kazi ninarudi," na toka siku hiyo binti hakutoka tena kwenye hadithi. Vijana hawakuuliza. Mimi nilijua ni mimi. Nilivimba kichwa hivi.

Nikiwa darasa la sita simu ikaacha kulia.

Jumapili ya kwanza nilikaa pale hadi giza likaanza. Ya pili pia. Tata alisema mwajiri wa mama amemnyang'anya simu, hao watu wako hivyo. Tata nilimjua, alikuwa mtu wa kusema chochote ili unyamaze. Kwa hivyo nilimuuliza yule niliyemwamini.

"Ni kweli wamemnyang'anya?"

Aliifuta diski kwa pindo la shati lake, akaipulizia, akaifuta tena. Alipenda kufanya hivyo, lakini siku hiyo aliifuta kama anayetaka kutoboa.

"Kapteni akipita nyuma ya mwezi," akasema, "huko mtandao haufiki."

"Kwa hivyo yuko sawa?"

"Injini naisikia."

Injini naisikia. Niliishi na maneno hayo mawili zaidi ya miaka miwili. Nililala nayo. Kuna siku nilitoka nje ya nyumba ya Tata nikasimama uani nikasikiliza, mtoto mkubwa hivyo.

Huku kwetu watu wana desturi moja ambayo wakiifanya wanajiona wana huruma sana. Mtoto haambiwi kifo hadi afanye mtihani. Baba wa mtu anazikwa mtu yuko shuleni anachora ramani ya Kenya, eti asivurugwe. Anamaliza karatasi ya mwisho, anakuja mbio amerusha kofia, anakuta watu wamekaa sebuleni wamenyamaza. Nimeona wakiwafanyia wengine. Mimi waliniwekea hadi mtihani wa darasa la nane. Nilikuwa darasa la sita! Walikaa, watu wazima wenye akili zao, wakaangalia kalenda, wakaona miaka miwili si mingi.

Ijumaa moja ya mapumziko ya katikati ya muhula, Tata alivaa gauni lake jeusi asubuhi, akasema kuna harambee ya kanisa Ngoliba. Akanipeleka kwa Mtangazaji. Na siku hiyo ilikuwa kama sikukuu. Kwa kawaida ulicheza zamu yako ukapisha. Siku hiyo nilicheza peke yangu tangu asubuhi. Kamaa alisimama mlangoni akifukuza watu. "Rudini nyumbani, leo mashine ni ya Shiko." Nilidhani ni kwa sababu nilikuwa nimeongoza hesabu. Mtangazaji alininunulia soda, akaniruhusu hata mandazi, na alitangaza kama ambavyo sijawahi kumsikia. Kanjo walianguka kama mahindi. Mwenye ploti alikimbia bila viatu. Sauti yake ilipasuka kabla ya chakula cha mchana na hakunyamaza. Saa nane hivi alitoka nje kidogo, akarudi uso umelowa, akasema ni vumbi la chakula cha kuku.

Kwa miaka mingi, mtu akiniuliza siku niliyofurahi zaidi utotoni, ningemtajia hiyo.

Tata alikuja kuniambia baadaye kwamba sanduku la mama waliliteremsha kaburini saa nane.

Gemu hiyo, kwa sisi, ilikuwa na misheni saba. Ukimaliza ya saba, Kapteni anaingia kwenye mlango mkubwa wa meli, skrini inakuwa nyeusi, na hapo Mtangazaji anainua mkono. "Diski ina mkwaruzo. Hapa ndipo mwisho wetu. Turudi mwanzo." Tukarudi mwanzo. Sikujali. Mwanzoni Kapteni anatoka mlangoni mzima, hajaguswa, na kazi yote iko mbele. Nilimaliza saba nikarudi, nikamaliza nikarudi, hadi nikafanya mtihani wangu wa darasa la nane nikapita vizuri. Hata baada ya mtihani hawakuniambia. Krismasi ikawa karibu, wakasema asiharibiwe Krismasi.

Aliyeniambia ni karani. Tulikuwa kwenye foleni ya kidato cha kwanza, mimi na Tata, na yule mwanamke nyuma ya meza alikuwa akijaza fomu bila kuinua kichwa.

"Baba?"

"Hajulikani," Tata akasema.

"Mama?"

Tata akaubana mkoba wake kwapani. Halafu akasema, "Marehemu."

"Cheti cha kifo kiko?"

Na Tata akafungua mkoba, akakitoa. Kilikuwa kimekunjwa mara nne na kwenye mikunjo kimeanza kuchanika. Kilikuwa kimekaa humo muda mrefu hivyo, katikati ya sabuni na funguo, nikibeba mkoba huo kila tukienda sokoni.

Sikulia pale. Niliweka sahihi yangu mahali karani alipoonyesha. Nyumbani nilimpigia Tata kelele mpaka majirani wakaja, na ndipo akanitolea yote: simu ya kifo iliingia kwa Mtangazaji, Mtangazaji ndiye aliyemletea habari, na Ijumaa ile ya soda alikuwa amepewa kazi ya kunishikilia. Sikurudi tena kwenye kile chumba. Nilibadilisha njia ya kwenda dukani nisipite pale. Alinitumia salamu na watu, nikawaambia wamrudishie.

Nilimaliza kidato cha nne, nikahamia Thika, nikapata kazi ya kupanga nguo kwenye duka la mitumba, nikapata mtoto. Kwetu Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kike angeitwa jina la mama wa baba yake, lakini huyo baba alikuwa ameshaenda, kwa hivyo nilimpa jina la mama yangu. Na mtoto aliye na jina la mama yako unamwita maitu, yaani mama. Ninamwita hivyo. Maitu, vaa viatu. Maitu, kula.

Na niliapa huyo hatadanganywa. Alipouliza baba yuko wapi, akiwa na miaka mitatu, nilimwambia: baba yako yuko Kitengela, ana mke mwingine, hajauliza habari zako. Akaenda akatangaza hivyo kwa mwalimu wa shule ya Jumapili mbele ya watoto wote. Nikaitwa. Nikasema, kwani amesema uongo?

Mwaka jana jirani yangu aliweka ile filamu. Ile yenyewe, ambayo gemu ya Kapteni ilitoka. Nilikuwa nimekaa kwake kwa kochi nikikunja nguo za mtoto, nikamwona Kapteni na kofia yake iliyopasuka, nikafurahi kama aliyeona mtu wa kwao. Nikamwambia jirani, huyu namjua. Halafu mwishoni ule mlango mkubwa ukafunguka, na Kapteni akabaki upande mbaya wa mlango, ili wengine waende, na akafa. Anakufa polepole, unamwona.

"Kwani hukujua?" jirani akaniuliza. "Si dunia nzima inajua huyo hufa?"

Nilishika soksi ya mtoto nikaikunja tena na tena.

Niliposikia Mtangazaji ni mgonjwa, amefunga chumba na kuhamia kwa binti yake Theta, nilichukua ruhusa kazini nikaenda. Sikwenda kumwona mgonjwa. Nilienda kumfanya aseme. Mtoto nilienda naye kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia.

Nyumba ilikuwa mpya, ya mawe, madirisha mengine bado yamezibwa na mabati. Alikuwa ameketi sebuleni, shuka magotini. Kifua kilikuwa kimekula ile sauti. Alipumua kama mtu anayepanda ngazi.

"Ni Shiko?"

"Ni mimi."

"Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kukuuliza."

"Afadhali ungenipiga."

Nikamgeukia mtoto aliyekuwa ameshaanza kupapasa vitu. "Maitu, njoo uketi." Mzee akasikia. Alimtazama yule mtoto kwa muda, akatikisa kichwa, na midomo yake ikatamka jina la mama yangu bila kutoa sauti.

"Diski ilikuwa na mkwaruzo?" nikauliza.

"Haikuwa nao."

"Ulijua kuna misheni ya nane."

"Tuliimaliza, Shiko. Kila mtu aliimaliza, isipokuwa wewe. Ukiingia, tunarudisha mwanzo."

"Kila mtu nani?"

"Gatongora."

"Gatongora gani? Kamaa?"

"Kamaa ndiye alifika wa kwanza." Akapumzika. "Ilikuwa wiki mbili baada ya ile simu. Akaona Kapteni anavyobaki. Akaweka padi chini akaniambia, 'Mzee, huyu msichana asione hii.' Yeye ndiye alisema tuseme ni mkwaruzo. Akapanga kila mtu. Alisema atakayemwambia Shiko atapigwa."

Vijana wote wale. Midomo michafu namna ile, watu wa kunitania kwa viatu, kwa pua, kwa alama za mtihani, zaidi ya miaka miwili, na hata mmoja hakuteleza.

"Mlikuwa mkinionea huruma," nikasema. "Nikiwa katikati yenu kama mjinga. Gatongora nzima inajua mama yangu amekufa, mimi ninasikiliza injini."

"Ndiyo."

"Nilikuwa na haki ya kumrushia udongo. Mama yangu. Mkono mmoja wa udongo. Mlinipa soda."

"Ndiyo," akasema tena. Hakujitetea. Hakumtaja Tata, na nilikuwa nimemngoja amtaje ili nimrukie. "Simu iliponijia waliniuliza mimi ni nani wake. Nikasema mimi ni wa gemu." Akakohoa hadi binti yake akachungulia kutoka jikoni, akampungia mkono arudi. "Nilijifunza kukuambia. Kila Jumapili nikiwa kanisani nilikuwa ninajifunza maneno, nayapanga. Halafu saa tisa unaingia na vile viatu vyako vyeupe vya kanisani, unaangalia simu kabla ya kunisalimia."

Akalivuta shuka hadi kifuani.

Mtoto wangu ndiye aliyeiona mashine. Ilikuwa chini ya televisheni, imefunikwa na kile kitaulo cha bluu.

"Hii ni nini?"

"Washa," nikamwambia mzee. "Weka ya Kapteni. Misheni ya nane. Na utangaze."

"Sauti sina, Shiko."

"Tumia hiyo uliyo nayo."

Orodha ya michezo iliyohifadhiwa bado ilikuwa ndani. Majina ya vijana, mengine sikuyakumbuka, na chini kabisa, SHIKO, misheni ya saba. Hakuwa amelifuta. Nilishika padi na vidole vikajua njia vyenyewe. Nilimaliza ya saba nikafika kwenye ule mlango, skrini ikawa nyeusi, na mkono wa mzee ukainuka kutoka kwenye shuka. Ukainuka wenyewe, kwa mazoea. Akauona, akaushusha.

Misheni ya nane ni fupi. Mzee alitangaza polepole, bila kanjo, bila mwenye ploti, bila kichekesho hata kimoja. Watu wanaingia ndani ya meli. Mlango haufungiki kutoka ndani. Kapteni ameliona hilo. Kapteni anatoka nje. Kapteni ameufunga.

"Meli imeondoka," akasema. Akavuta pumzi. "Kapteni amebaki. Kapteni amekufa, Shiko."

Nililia vibaya. Kwa kamasi, kwa sauti, kama ambavyo ningelia nikiwa na miaka kumi na mmoja endapo kuna mtu angeniruhusu. Mzee hakunigusa, hakuniambia nyamaza.

Mtoto akanivuta mkono. "Mami. Atarudi?"

Mzee alinitazama. Niliona kabisa kwamba angeweza kusema lile neno lake la injini, na kwamba hangelisema.

"Harudi, maitu," nikamwambia.

"Kama baba?"

"Hapana. Baba yako anaweza kurudi, ila hataki. Huyu alitaka. Hawezi."

Akafikiria. Mtoto wangu amezoea kuambiwa mambo, hapepesi macho. Halafu akainyoosha mikono kuchukua padi.

"Basi turudi mwanzo," akasema, "akiwa bado yuko."

Mzee akaniangalia, anangoja ruhusa. Mtu aliyeninyima kaburi la mama yangu. Sikuwa nimemsamehe na sijui kama nimemsamehe hadi leo. Niliishika padi kwanza, sikumpa.

"Pumua," nikamwambia mtoto. Kifua chake kidogo kikapanda, kikashuka. "Sasa bonyeza."

Mlango ukafunguka, na Kapteni akatoka, na kofia yake iliyopasuka, mzima. Mzee akaokota gazeti kando ya kiti, akalikunja hadi likawa pembe.

"Huyo," akasema, akapumzika, "huyo ni Kapteni. Mtoto wa watu. Ametoka nyumbani bila chai."